Malengelenge kwenye Tenki la Baba Mdogo

Tafuta pikipiki iliyoegeshwa karibu na kwenu, ya mtu anayekufahamu. Msalimie mwenyewe, omba ruhusa, kisha chuchumaa uchungulie chini ya madigadi ya nyuma, pale tope linapoganda. Kama pikipiki hiyo imekula masika mawili matatu ya Kyela, utaona rangi imetunga vijipele, mithili ya mkono uliomwagikiwa uji wa moto. Bonyeza kimoja kwa ukucha. Kitapasuka, na ndani utakuta unga wa rangi ya matofali. Unga huo mwaka juzi ulikuwa chuma.

Mimi kijipele changu cha kwanza nilikibonyeza nikiwa kidato cha pili, na hakikuwa cha madigadi. Kilikuwa cha tenki la mafuta la pikipiki ya baba mdogo. Ukucha ulizama kidogo, nikaruka nyuma nikidhani petroli itanifuata. Haikunifuata. Baba mdogo alikuwa kizingitini anakunywa chai. Akasema, "Umeona sasa? Na mimi kila siku abiria wananiambia pikipiki yangu ina ukurutu."

Basi nitawasimulia jinsi tulivyoutibu ukurutu ule, mara ya kwanza kwa ujinga na mara ya pili kwa akili. Naanza na ujinga.

Nyumbani kwetu ni wilayani Kyela, kati ya Ipinda na Matema, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Juu yetu kuna Milima ya Livingstone upande mmoja na Mlima Rungwe upande mwingine, na maji yote ya huko juu yanashukia kwetu: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Ardhi ni tambarare, ndiyo maana mpunga unapenda. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kama maji hayo yangesimama yalipoangukia, bila kutiririka wala kunywewa na ardhi, yangemfunika mtu mrefu hadi kichwani. Dodoma yangekomea juu kidogo ya goti.

Watu wa Tanga na Dar es Salaam, pikipiki zao zikioza, hulaumu chumvi ya bahari. Wana haki, chumvi huharakisha kutu kweli. Sisi ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi ya kusingizia. Letu ni tope. Mvua hunyesha ikakatika, jua likatoka, chuma cha juu kikakauka. Lakini lile bonge la tope lililojibana chini ya madigadi hubaki bichi siku tatu, nne, limekikumbatia chuma kama kitambaa kilicholowa. Baba mdogo alikuwa akibeba magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese, na abiria wa kwenda Matema siku za gulio. Kuosha pikipiki alikuwa akiosha juu, panapoonekana.

Mwezi wa nne, masika yamepamba moto, akarudi kutoka Kyela mjini na makopo mawili ya rangi ya kupuliza, nyekundu. Yeye hakuwa na subira, na mimi nilikuwa na haraka kumshinda. Tuliosha tenki kwa sabuni ya unga, tukapitisha msasa juu juu kama mtu anayefuta ubao, tukafunika taa na injini kwa magazeti, tukapuliza. Hatukufungua hata nati moja. Kwa dakika kumi ilikuwa pikipiki nzuri kuliko zote za kijiwe cha madereva wenzake. Nusu saa baadaye tenki lilikuwa limepauka, wekundu wake umeingiwa na weupe, kama chai iliyotiwa maziwa.

Tulidhani tumeuziwa rangi mbovu. Haikuwa mbovu. Unakumbuka muuguzi anapokupangusa spiriti kabla ya sindano? Ngozi hupata baridi, kwa sababu spiriti ikiyeyuka na kwenda hewani huondoka na joto la ngozi yako. Thina iliyomo ndani ya rangi hufanya vilevile: huruka, na huku nyuma huacha tenki limepoa. Sasa hewa ya Kyela mwezi wa nne imeshiba maji. Hewa iliyoshiba ikigusa kitu kilichopoa, maji hutoka, kama yanavyotoka kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Umande ule ulianguka juu ya rangi mbichi, ukajichanganya nayo, ukakauka nayo. Weupe tuliouona ulikuwa maji ya hewani yaliyonaswa.

Tungesamehe weupe. Mwezi wa sita vijipele vikarudi, palepale vilipokuwa.

Kyela mjini kulikuwa na mzee mmoja fundi rangi, mtu wa maneno machache. Baba mdogo alinipakia tukaenda. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akalizunguka lile tenki mara moja, akapitisha kiganja bila kuangalia, kama daktari anayepapasa tumbo. Akatuuliza, "Mlipaka chuma, au mlipaka kutu?"

Tukanyamaza. Swali lenyewe lilikuwa jibu. Akatuambia turudi mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekolea, na tuje tenki likiwa mkononi, si juu ya pikipiki. Tukasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, tukaondoka wadogo.

Kabla sijawafikisha mwezi wa nane, tusimame kidogo kwenye kutu, maana mtu asiyeijua atapaka rangi kila mwaka mpaka azeeke.

Chuma hakikuzaliwa chuma. Hutolewa kwenye mawe na udongo kwa moto mkali. Zamani, kabla ya majembe ya dukani, Wakinga wa huko milimani juu ya Matema walikuwa wahunzi hodari, wakiyeyusha udongo wenye chuma kwenye tanuru, na majembe yao yakishuka kwa Wanyakyusa kubadilishwa kwa chakula. Ule udongo wao ulikuwa na rangi ya kutu, na si ajabu: ndani yake chuma kilikuwa kimeshikana na oksijeni. Moto na mkaa ndivyo vilivyovitenganisha. Tangu siku hiyo jembe, panga na tenki la pikipiki vyote hungoja nafasi ya kushikana tena na oksijeni. Kinachowapatanisha ni maji. Chuma kikavu kwenye hewa kavu hukaa miaka. Chuma ndani ya maji yasiyo na hewa nacho hukaa. Maji na hewa vikikutana juu yake, kazi inaanza.

Unaweza kuliona hilo kwa misumari mitatu mipya na chupa tatu zenye vifuniko. Wa kwanza mweke kwenye chupa kavu, tia na punje za mchele uliokaangwa zinyonye unyevu. Wa pili tumbukiza kwenye maji yaliyochemshwa sana na kupozwa, kisha mimina mafuta ya kula juu yake yazibe hewa. Wa tatu mwache nusu majini nusu hewani. Baada ya wiki utajua nani kati yao ni pikipiki ya baba mdogo.

Na jambo la pili: kutu ni nene kuliko chuma kilichoizaa. Chuma kidogo huwa kutu nyingi, na kutu hiyo ikikosa nafasi husukuma. Huinua rangi kama kiazi kinavyoinua udongo. Ndiyo maana ile rangi yetu mpya haikuwa na hatia. Tuliiweka juu ya kitu kinachokua.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ndiyo ushahidi wangu mkubwa, na huwa siachi kuisimulia. Wajerumani waliijenga Papenburg, wakaifungua vipande, wakaipakia kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya. Jina lake wakati huo lilikuwa Graf von Götzen. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaelemea, Julai 1916, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini mafundi wake waliipenda. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini yake grisi nzito, kila mahali. Ikakaa chini ya maji karibu miaka minane. Waingereza walipoinua meli hiyo mwaka 1924, injini ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi tu. Grisi iliyapangia maji na hewa foleni nje, haikuwaruhusu waonane na chuma. Rangi ya pikipiki yako haina kazi nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Kung'aa ni nyongeza.

Mwezi wa nane ukafika, na kazi tuliifanyia nyumbani kwa maelekezo ya yule fundi.

Siku ya kwanza hatukugusa rangi kabisa, tulifungua tu. Spana namba 10, 12 na 14 zilifanya karibu kazi yote. Tulitoa betri, siti, vifuniko vya ubavuni, madigadi zote mbili, keria, na tenki. Baba mdogo alinipa kazi ya nati, na nati zina adabu yake: zinazotoka pamoja hukaa pamoja. Nilitumia makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na karatasi yenye jina. Kopo la madigadi ya nyuma nililiacha chini, kuku akalipindua, na tulipofunga pikipiki tulibakiwa na bolti moja ambayo mpaka leo haijulikani ilikuwa ya wapi.

Tenki sikuligusa. Baba mdogo alifunga koki, akachomoa mpira, akayamwaga mafuta yote kwenye dumu na dumu akalipeleka mbali. Halafu akaja akanikalisha chini. Alisema watu huogopa tenki lililojaa, na wanapaswa kuogopa lililomwagwa. Tenki lililojaa halina hewa ya kutosha ndani kuwaka. Lililomwagwa limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ukiwa kati ya kama sehemu 1.4 na 7.6 kwa kila sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha. Mvuke huo tena ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, hutafuta jiko la mkaa kule jikoni. Kwa hiyo tenki lilioshwa kwa maji ya sabuni mara tatu, likaachwa wazi juani kutwa nzima, na hapakuwa na jiko, sigara wala tochi ya kubahatisha karibu yake. Wewe unayesoma, kama hujafika umri wa leseni, tenki ni kazi ya mtu mzima. Madigadi inakutosha.

Siku ya pili ndipo rangi ilipoanza kutoka.

Yako mambo matatu yanayoweza kutoa rangi ya zamani: moto, dawa, na mkono. Moto tuliuacha kwa sababu unapinda bati jembamba la madigadi, na moshi wa rangi ya zamani ni sumu. Dawa ziko za aina nyingi. Wanaopika sabuni ya mawese wanaifahamu kostiki soda. Hiyo hula rangi ya mafuta vizuri, na hula macho na ngozi vizuri zaidi. Tena ikiangukia aluminiamu, kama kifuniko cha injini, hukila chenyewe na kutoa povu la gesi inayowaka. Dawa kali zaidi za madukani zilikuwa na kitu kiitwacho diklorometheni. Rangi huvimba na kubanduka kwa dakika chache. Lakini watu walikufa kwa kuivuta wakiwa wamejifungia ndani wakifanya kazi, na mwaka 2019 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida dawa za kutoa rangi zenye kitu hicho. Sisi tulichagua mkono.

Mkono maana yake msasa. Hili jina ni la mti kwanza. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijaja na kurithi jina. Karatasi ya siku hizi ina namba mgongoni. Namba ndogo ni chembe kubwa, kali. Namba kubwa ni laini. Tulianza na 80 na brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, tukafuata 220 kufuta mikwaruzo ya 80, kisha 400 yenye kulowekwa maji. Ukiruka hatua, ile mikwaruzo mikubwa haifi. Hujificha, ikangoja rangi inayong'aa ndipo ijitokeze mbele za watu.

Vumbi la rangi ya zamani halifai kuvutwa. Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zilitiwa risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila kelele. Ndiyo maana maji yanasaidia: hugeuza vumbi kuwa tope. Tulivaa barakoa, tulitandika turubai chini, na tope lote tulilikusanya.

Mama mdogo alikuwa na yake ya kusema. Alikuwa ameanika kakao uani, imetoka kuchachuka chini ya majani ya mgomba siku sita. Alipoona turubai letu linatandikwa hatua kumi kutoka kwenye mkeka wake, alitufukuza na pikipiki yetu hadi nyuma ya banda la ng'ombe. Tulimwona mkali. Baadaye nilikuja kujua kwamba punje ya kakao ina mafuta mengi, na mafuta hunasa harufu: moshi, dizeli, thina. Kakao ikinuka thina hakuna wa kuisafisha. Na Kyela ndiko inakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, kwa hiyo alikuwa akitetea jina la wilaya.

Bolti ndogo na vibano, ambavyo msasa hauvifikii, tulivitumbukiza kwenye juisi ya ndimu usiku kucha. Asidi ya ndimu hula kutu polepole na asubuhi ilikuwa imelegea, ikafutika kwa mswaki mkuukuu. Tukaviosha, tukavianika, nami nikaenda kucheza mpira. Niliporudi saa nane vilikuwa vimeota wekundu upya. Chuma kilichovuliwa nguo ni kama mtoto mchanga, hakiachwi peke yake. Ilibidi turudie, na safari hii tukavipaka oili mara vilipokauka.

Hilo ndilo alilokuwa akilisisitiza yule fundi: chuma ulichokivua asubuhi, kivalishe praima, ile rangi ya msingi, kabla jua halijazama. Usiku mmoja wa hewa ya ziwani unatosha kukirudisha ulikokitoa. Na baada ya kukipangusa kwa kitambaa chenye thina usikishike kwa vidole vitupu. Jasho lina chumvi na kidole kina mafuta. Mimi nilishika, na alama ya dole gumba langu ilitokea kwenye praima wazi kabisa, kama ya mtu aliyeweka sahihi.

Palipobonyea kwenye tenki baba mdogo alitia puti, nyembamba, akaisawazisha kwa msasa. Puti hunywa maji kama mkate, kwa hiyo nayo hufunikwa kwa praima. Vifuniko vya plastiki vilipata sabuni na msasa laini tu, maana thina huiyeyusha plastiki ikawa kama ubani. Eksozi hatukuigusa, ile inataka rangi yake ya kuvumilia moto, ya kawaida ingeungua safari ya kwanza ya Ipinda.

Sasa kupuliza. Kila rangi ina vitu vitatu: unga unaoipa rangi, gundi inayoushika unga, na kimiminika kinachovibeba viwili hivyo hadi kwenye chuma kisha kikaruka zake. Ukielewa hivyo utaelewa kwa nini haupakwi mkono mmoja mnene. Mkono mnene hukauka juu na kubaki mbichi chini, na ukisimama wima hutiririka machozi. Mikono mitatu myembamba, dakika kumi na tano kati ya mmoja na mwingine, kopo likiwa shibiri moja kutoka kwenye tenki, na mkono wako ukitembea kabla hujabonyeza na ukiendelea kutembea baada ya kuachia. Jifunze kwenye boksi tupu kwanza. Mimi nilijifunzia kwenye bati la choo, na choo chetu kikawa chekundu upande mmoja.

Tulisubiri saa nne asubuhi, umande umekwisha na upepo wa mwera haujaamka. Vipande vyote vilining'inizwa kwa waya kwenye mwanzi uliolazwa juu ya nguzo mbili, nje, penye hewa. Ndani ya nyumba hapana. Ziko pia rangi za kuchanganya na hadena, zile ngumu za magari. Hizo zina kemikali inayoweza kumpa mtu pumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Mwachie fundi mwenye barakoa yake ya kazi.

Kifuniko kimoja cha ubavuni tulikimaliza jioni, tukakiacha kikining'inia. Mliokulia mbali na ziwa hamjaona jambo hili: siku nyingine juu ya maji hutokea kitu kama moshi wa meli, nguzo nyeusi inayopinda, lakini hakuna meli. Ni wadudu wadogo kuliko mbu, mamilioni, wanaotoka majini kwa pamoja. Upande wa Malawi huwaita nkhungu, huwakusanya na kuwakandamiza kuwa mikate, hula. Usiku ule upepo uliwaleta kwetu. Asubuhi kifuniko kilikuwa kama mkate uliopakwa ufuta.

Baba mdogo hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na chandarua kilichochakaa, tukakitandaza juu ya mwanzi mpaka chini, tukakisaga upya kile kifuniko, tukapulizia ndani ya chandarua. Tangu siku hiyo sijapiga rangi bila chandarua. Huzuia wadudu, majani, manyoya ya kuku, na watoto.

Thina chafu tuliyooshea vifaa tuliiacha kwenye kopo lenye kifuniko, tukampelekea fundi. Mto Lufilyo ulikuwa karibu na ungeweza kuimeza bila kusema kitu. Lakini samaki waitwao mbasa hutoka ziwani wakapanda mitoni kutaga, na mtu anayekula mbasa hawezi kuwamwagia thina wazazi wa samaki hao.

Rangi ilibaki nyekundu. Nilitaka buluu, nikabishana sana. Baba mdogo alinitolea kadi ya pikipiki, akaniwekea kidole mahali palipoandikwa rangi ya chombo. Ukibadilisha ya chombo, unakwenda TRA, mamlaka ya mapato, na ya kadi ibadilishwe, la sivyo utaeleweshana na askari barabarani. Na pale kichwani mwa chesisi palipogongwa namba, tulipaziba kwa karatasi ya gundi tusije tukaijaza rangi.

Tukafunga kila kitu siku ya nne. Baba mdogo akawasha: injini ikaitikia, taa haikuwaka. Honi kimya. Indiketa kimya. Tulihangaika na fyuzi mpaka alasiri, kisha nikakumbuka bolti moja ndogo kwenye chesisi, yenye waya mweusi. Niliipiga rangi vizuri sana, chini na juu, kwa mapenzi. Ile ndiyo ethi, mahali ambapo umeme hurudia kwenye betri kupitia chuma cha chesisi, na rangi haipitishi umeme. Nikakwangua eneo la upana wa sarafu, nikafunga, nikapaka grisi juu. Honi ikalia hadi ng'ombe wakashtuka.

Masika yaliyofuata pikipiki ilibeba mchele kama kawaida na kulowa kama kawaida, ila sasa baba mdogo alikuwa anaosha chini ya madigadi kwanza. Mwezi wa sita nikachuchumaa, nikapitisha ukucha kila mahali. Tenki, laini. Madigadi, laini. Nilipata kijipele kimoja tu, kikubwa kama punje ya mchele, chini ya kibano cha siti. Hapo ndipo nilipokuwa nimekishikilia kipande kwa vidole wakati wa kupiga praima.